Sumu ya Msunguti na Presha ya Mjomba

Dada wa maabara alikishika kichupa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamwita mjomba asogee. Damu ilikuwa imeshazungushwa kwenye mashine na kujitenga: chini imetua nyekundu iliyokolea, juu yamebaki maji yake. Maji hayo kwa kawaida huwa ya manjano mepesi, unaweza kusoma kichwa cha habari kupitia humo. Ya mjomba yalikuwa na ukungu mweupe. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa alichokiona. Lilikuwa tui. Si lile zito la kwanza, bali lile jepesi tunalochemshia maharagwe.

“Mzee wangu, jana usiku ulikula nini?”

“Sikula kitu. Niliambiwa nifunge, na tangu saa mbili usiku sijatia kitu mdomoni.”

“Basi haya si ya jana,” akasema, na kukirudisha kichupa mahali pake.

Mjomba ana presha mwaka wa tisa sasa. Kwa miaka hiyo yote amekuwa akienda kliniki moja, siitaji jina. Mkono hufungwa kile kitambaa cha mpira, mashine hupumua, namba mbili huandikwa kwenye daftari lenye jalada la buluu, vidonge hutolewa, haya, tuonane mwezi ujao. Mafuta ya damu hakuna aliyewahi kumpima. Si kwamba alikataa, ila hakuna aliyemwambia. Safari hii alipimwa kwa kuwa mwanawe alikuwa mjini na alilipa.

Tulipotoka nje, mjomba alisimama kivulini mwa mwarobaini akifunga mkono wa shati. “Sasa we mpwa wangu unayeandika magazetini, niambie. Hii presha na haya mafuta, ni maradhi mawili au moja?”

Nilijibu papo hapo kwamba ni mawili. Nikapanda matatu kurudi nyumbani, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaanza kulitilia shaka jibu langu.

*

Nyuma ya nyumba alikozaliwa mjomba, upande wa Kaloleni, kulikuwa na mti ambao watoto walikatazwa kuugusa. Majani yake ni magumu, ya kijani kilichokolea, yanang'aa kana kwamba mtu kayapitishia kitambaa cha mafuta. Maua yake ni meupe na yananukia vizuri. Matunda yakiiva yanakuwa ya zambarau inayokaribia weusi. Waswahili wanauita msunguti, Wagiriama mutsungu, na ndugu wa neno hilo ni uchungu wetu huu wa kila siku.

Wazee walikuwa wakikata vijiti na mizizi yake, wakachemsha kwa saa nyingi, wakachuja, wakarudisha motoni mpaka kikabaki kitu cheusi kizito kama lami. Hicho ndicho kilichopakwa kwenye chembe cha mshale, kikazungushiwa ukanda wa ngozi kisikauke wala kisimkwaruze mwenyewe. Wawindaji wa Kiwaata wa upande wa Tsavo, watu wenye pinde ngumu ambazo wengine hawawezi kuzivuta, waliangusha tembo kwa sumu hiyo. Nyama ililiwa bila wasiwasi, maana sumu ya msunguti haipenyi vizuri kwenye utumbo. Inataka kuingia kwenye damu, na ikishaingia inaelekea kwenye moyo.

Mwaka 1888 mkemia wa Kifaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu hiyo ikawa fuwele nyeupe. Jina alilitoa kwenye Kisomali, ambako mti huo huitwa waabaayo, na ndiyo maana leo vitabu vya dawa duniani kote vina neno lenye asili ya pembe yetu hii ya Afrika: wabaini. Sumu ya ukoo huohuo ilikuwa imeshamgusa mzungu mwingine kabla ya hapo. Daktari John Kirk, ambaye baadaye Zanzibar ilimjua kwa miaka mingi kama mwakilishi wa Uingereza, alikuwa katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, kati ya 1858 na 1863. Mswaki wake uligusana na sumu ya mishale ya huko iitwayo kombe. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na alipojishika mkono akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Daktari mwingine angetema na kutukana. Kirk aliandika.

Hata wanyama wanaijua. Kuna panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu na mwendo wa kivivu, anayetafuna gamba la msunguti kisha kujilamba ubavuni, kwenye manyoya maalumu yanayofyonza ule mchanganyiko kama utambi wa koroboi. Mbwa akimuuma, anayeanguka ni mbwa. Waliolithibitisha jambo hilo mwaka 2011 waliongozwa na Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama mzaliwa wa Tabora.

Lakini sumu inaua kwa njia gani? Kwa zaidi ya miaka sitini baada ya Arnaud, hakuna aliyejua. Mwaka 1953, huko Bern, Uswisi, Hans-Jürg Schatzmann alitia sumu za ukoo huu kwenye chembe nyekundu za damu na kuona kwamba sodiamu na potasiamu zimeacha kusafirishwa. (Kiswahili nacho kina mzaha wake: ncha ya mshale ni chembe, na hizi za damu nazo ni chembe.) Miaka minne baadaye, Aarhus, Denmark, daktari Jens Christian Skou alikuwa akisaga mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Humo alikuta kimeng'enya cha ajabu, kisichofanya kazi sawasawa mpaka kipate sodiamu na potasiamu kwa pamoja.

Mwaka 1958 Skou alikwenda Vienna kwenye mkutano wa kemia ya viumbe, akakutana na Mmarekani Robert Post, aliyekuwa akizichunguza chembe nyekundu. Post alimuuliza kama kimeng'enya chake kinazuiliwa na wabaini. Skou hakujua hata wabaini ni kitu gani. Alipiga simu nyumbani Aarhus, wenzake wakalifanya jaribio, na jibu likarudi: ndiyo, kinazuiliwa. Hapo ilidhihirika kuwa alichokuwa amekishika ndiyo pampu yenyewe, na sumu ya mshale ndiyo kufuli yake. Skou alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, miaka arubaini baada ya wale kaa.

*

Sasa turudi kwa mjomba kwa njia ya baharini.

Kila seli ya mwili wako ni dau linalovuja. Nje, kwenye maji ya damu, sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya chumvi, ni nyingi: takriban milimoli 140 kwa kila lita. Ndani ni kidogo, kama kumi na kitu hivi. Potasiamu ni kinyume chake, ndani imejaa, nje ni milimoli nne tu. Chaji hizi ndogo za umeme, ayoni, hazipendi kukaa hivyo. Sodiamu inapenya kuingia, potasiamu inapenya kutoka, mchana na usiku. Pampu ya Skou ndiyo baharia anayefua maji. Kila akiinama anatupa nje ayoni tatu za sodiamu, anaingiza mbili za potasiamu, na analipwa molekuli moja ya ATP, ile sarafu ya nguvu ya mwili. Umelala umetulia, hata ndoto huoti, na bado sehemu moja katika tano ya nguvu zako, pengine robo, inawalipa mabaharia hawa.

Msunguti unamfunga baharia mikono. Kwenye moyo, sodiamu ikijaa ndani inaivuta kalsiamu nayo ibaki, maana kuna mlango mwingine ambao kazi yake ni kutoa kalsiamu kwa kuingiza sodiamu. Ndani kukiwa kumeshajaa sodiamu, mlango huo unasuasua. Kalsiamu ndiyo inayouambia msuli jikaze. Kidogo kikiongezeka, moyo unapiga kwa nguvu zaidi, na ndiyo sababu digoksini, dawa ya ukoo huu inayotokana na mmea wa Ulaya, bado inaandikwa na madaktari kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Kikizidi, moyo unapoteza mpangilio wake na kusimama.

Kuta za mishipa ya damu nazo zina msuli. Msuli huo nao una pampu na una mlango wa kalsiamu. Je, ikitokea kwa mtu fulani pampu si kwamba imefungwa, ila inalegalega tu, au milango ya sodiamu iko wazi kupita kiasi? Hatakufa. Ila mishipa yake itakuwa imejikaza kidogo, saa zote, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo presha, au walau ndiyo hadithi ya presha ambayo wanasayansi walianza kusimuliana miaka ya 1970.

Mshipa wa mtu aliye hai huwezi kuukata ili uutazame. Damu unaweza kuichota. Chembe nyekundu ikawa dirisha, kiumbe kisicho na kiini, kinachoishi siku 120 hivi, lakini chenye pampu na milango ileile. Paris, mwaka 1979, Ricardo Garay na Philippe Meyer walitangaza kipimo kilichoonyesha kuwa sodiamu na potasiamu zinapita vingine kwenye chembe za wenye presha. Moscow, Yuri Postnov na Sergei Orlov walisisitiza kwamba kasoro iko kwenye utando wa seli zote za mwili, si kwenye mshipa peke yake. Na Boston, mwaka 1980, Mitzy Canessa na wenzake walileta kipimo kilichotikisa vyuo vya tiba kuliko vyote.

Walitumia litiamu. Litiamu ni jamaa wa karibu wa sodiamu, ila katika damu ya kawaida haipo kwa kiasi cha kuhesabika. Mchungaji akitaka kujua mbuzi wanapita uwazi gani wa ua, humfunga mmoja kitambaa chekundu. Canessa alizijaza chembe nyekundu litiamu, akazitia kwenye maji ya chumvi, akahesabu litiamu inatoka kwa kasi gani huku sodiamu ikichukua nafasi yake. Kwa watu wenye presha isiyo na chanzo kinachojulikana, kasi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya watu wazima wa afya. Zaidi ya mara mbili! Na jambo hilo lilirithiwa katika familia. Kwa muda watu waliamini kwamba siku moja tone la damu ya mtoto lingetosha kutabiri presha yake ya uzeeni.

Haikuwa hivyo. Kilichoiharibu ndoto hiyo ndicho kinachonivutia mimi, maana kilikuwa cha aina mbili, na vyote viwili vinatuhusu.

Cha kwanza, kipimo kilipofika kwa Wamarekani Weusi kiligeuka. Hao wana presha nyingi kuliko Wazungu wa nchi yao, na huwapata mapema na kwa ukali. Lakini kasi ya litiamu kwao ilikuwa ya chini. Kipimo kizuri cha Boston kilikuwa kimeshonwa kwa mwili mmoja, mwili mwingine hakikuukaa.

Cha pili ni mafuta. Watafiti walipopima watu wengi zaidi, waliona kasi ile inafuatana na trigliseridi za damu, na uzito, na insulini. Mara nyingi, hesabu ya mafuta na uzito ikishaondolewa, uhusiano wake na presha yenyewe ulififia. Walikuwa wakitafuta chumvi, wakakuta samli.

*

Nilipofika hapo nilikumbuka kichupa cha tui.

Mafuta na milango ya chumvi vina ujirani gani? Ujirani wa ukuta mmoja. Mwaka 1925, Leiden, Uholanzi, Gorter na Grendel waliyatoa mafuta yote kwenye chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake. Yalitosha kuifunika chembe mara mbili. Ngozi ya seli, kwa hiyo, ni tabaka mbili za mafuta, na pampu na milango yote imepachikwa humo kama madirisha kwenye ukuta wa udongo. Chembe nyekundu haina uwezo wa kujitengenezea mafuta yake. Imeshatupa kiini na mitambo. Kolesteroli iliyo kwenye ngozi yake inabadilishana mahali, kwa saa chache tu, na kolesteroli inayoelea kwenye maji ya damu. Damu ikiwa na mafuta ya aina nyingine, ukuta unakuwa wa udongo mwingine. Kolesteroli ikizidi utando unakakamaa, na pampu, inayohitaji kujikunja na kujikunjua kila mzunguko, inaihisi tofauti hiyo.

Hata hivyo sidhani kwamba ukuta ndio jibu zima, na waliobobea katika fani hii wengi wao hawadhani hivyo. Jibu lingine liko kwenye ini na figo, na mpatanishi wake ni insulini. Mtu ambaye misuli yake imeacha kuisikiliza insulini, kwa unene wa tumbo, kwa kukaa, kwa urithi, kongosho lake huongeza sauti: humwaga insulini nyingi zaidi. Insulini hiyo ikifika kwenye figo, inaliambia lisiiachie sodiamu. Ini nalo, lililojaa sukari na mafuta yanayotoka tumboni, linazifungasha trigliseridi na kuzisukuma kwenye damu. Upande mmoja chumvi inabaki, upande wa pili tui linapanda. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Stanford aliyakusanya mambo haya, presha, trigliseridi, upungufu wa ile kolesteroli nzuri na ukaidi wa insulini, akayapa jina moja. Mwaka huohuo Roger Williams na wenzake wa Utah walieleza familia 58 ambamo ndugu kwa ndugu walikuwa na presha na mafuta mabaya kwa pamoja. Kwa hesabu yao, kama watu 12 katika kila 100 wenye presha walikuwa wa aina hiyo.

Basi mjomba, kama bado unasoma: ni mawili, ila yana mlango mmoja wa nyuma, na usiku yanatembeleana.

Kuna jambo moja zaidi la kipindi hicho, na nalileta kwa sababu ya ule mti wa Kaloleni. Mwaka 1991 John Hamlyn, Mordecai Blaustein na wenzao walitangaza kwamba wameikuta wabaini, au kitu kinachofanana nayo kabisa, kwenye damu ya binadamu ambaye hajawahi kuuona msunguti. Kwa maneno yao, mwili wenyewe hutengeneza sumu ya mshale kwa kiasi kidogo sana, pengine ili figo litoe chumvi iliyozidi, na gharama ya kazi hiyo ni mishipa kujikaza. Ni nadharia nzuri mno, na labda uzuri wake ndio umeiponza. Maabara nyingine, zenye mitambo ya kupima uzito wa molekuli, zilitafuta na hazikuikuta. Ugomvi unaendelea mpaka leo. Mimi ningependa iwe kweli, na kwa sababu hiyohiyo najihadhari nayo.

*

Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya wanaume 1,000 wa huko. Ulaya wakati huo ilijulikana kuwa presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wa Donnison haikupanda. Baada ya miaka arubaini hata ilishuka.

Miongo sita baadaye, upande huohuo wa nchi, kikundi cha watafiti wa Nairobi na London, wakiwemo Neil Poulter na Peter Sever, kilifanya jambo ambalo kila mwandishi wa makala angelifanya kama angekuwa na fedha: kiliwafuata watu safarini. Kilipima vijana Waluo mara tu walipohamia Nairobi kutafuta kazi, kisha kikawapima tena na tena, na kuwalinganisha na waliobaki vijijini mwao. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Presha ya waliohama ilipanda mapema, katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya jiji. Mikojo yao ilieleza sehemu ya sababu: sodiamu imepanda, potasiamu imeshuka. Uzito nao ulikuwa umepanda, na mapigo ya moyo.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi kuliko mwingine wowote ninaoutaja hapa, kwa kuwa naiona ndani yake stendi ya basi. Kijana anashuka na mkoba mmoja. Nyumbani alikula mboga za majani za shambani, viazi vitamu, samaki wa ziwani. Jijini anakula kinachopatikana karibu na mlango wa kazi, na kinachopatikana kimetiwa chumvi na mtu mwingine. Jeni zake zimebaki zilezile. Kilichobadilika ni mzigo wa maji ambao kila baharia wake mdogo anatakiwa kuufua.

Poulter na Sever waliendelea, na safari yao inarudi kwenye tui la mjomba. Ni miongoni mwa walioongoza jaribio kubwa la Uingereza, Ireland na nchi za Skandinavia, ambalo sehemu yake ya mafuta ilitangazwa mwaka 2003. Walichukua watu 10,305 wenye presha ambao kolesteroli yao haikuwa ya kumshtua daktari yeyote. Nusu walipewa miligramu 10 za atovastatini, statini ya kushusha kolesteroli, na nusu kidonge kisicho na dawa. Sehemu hiyo ilipangwa kuendelea miaka mitano, ikasimamishwa baada ya mitatu na kidogo, kwa sababu mashambulizi ya moyo na vifo vyake yalikuwa yamepungua kwa asilimia 36 upande wa dawa. Wengi wa watu hao walikuwa Wazungu, na hilo lisisahauliwe, hasa na sisi tuliokwisha kuona litiamu ya Boston ikigeuka. Lakini baada ya 2003 sioni daktari atasimamia hoja gani kumpima mwenye presha mkono peke yake kwa miaka tisa.

Gharama? Ndiyo, kipimo cha mafuta kina gharama, na kliniki ya serikali iliyofurika watu asubuhi haina kitendanishi cha kutosha. Nalijua hilo. Najua pia kwamba mjomba hakuwahi kuambiwa kipo.

Tuliporudi kumwona daktari, safari hii mwingine, nilimwomba mjomba atoe vidonge vyake mezani nivitazame. Amlodipini: hiyo hufunga mlango wa kalsiamu kwenye msuli wa mshipa. Haidroklorothayazidi: hiyo hufunga mlango wa sodiamu na kloridi ndani ya figo, chumvi ikatoka na mkojo. Vyote viwili ni vya milango ya ayoni, vyote viwili ni wajukuu wa kaa wa Skou. Utafiti uitwao CREOLE uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini ikishirikiana na dawa nyingine huwashusha presha Waafrika vizuri, pamoja na hii ya kukojoza chumvi. Kwa hiyo daktari wa kwanza hakukosea dawa. Alichokiacha ni kwamba dawa ya kukojoza, hasa ikiwa kwa kipimo kikubwa, hupunguza potasiamu na inaweza kuyapandisha mafuta ya damu kidogo. Kwa mtu mwenye tui tayari, hilo linahitaji jicho. Daktari wa pili alipunguza kipimo chake na kuongeza statini.

Mengine yalikuwa ya jikoni, na jikoni ni kwa mkazamjomba. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kikihesabiwa na kile kilichojificha kwenye mkate, vibanzi na viungo vya pakiti. Linataka pia potasiamu isipungue miligramu 3,510. Mkazamjomba alisikiliza, akauliza potasiamu inapatikana wapi. Ndizi, maharagwe, viazi vitamu, mihogo, mchicha, maji ya dafu. Akacheka. “Hivyo si ndivyo tunavyokula!” Kisha akanyamaza, akasema kwamba mchicha huuchemsha na kumwaga maji. Potasiamu nyingi humwagika na maji hayo. Huko China, vijiji 600 vilishiriki jaribio la kubadilisha chumvi ya kawaida na ile ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya namna hiyo haimfai mwenye figo mbovu wala anayetumia dawa fulani za presha, hivyo daktari aulizwe kwanza. Na hapa Mombasa, nimezunguka maduka manne, sijaiona.

Tui, kwa upande wake, lilikuwa na chanzo ambacho hakuna aliyekitaja kwa sababu kila mtu alikizoea. Mjomba hunywa chai ya maziwa mara tano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na mahamri. Sukari hiyo, isiyo na kazi ya kufanya kwenye mwili wa mtu anayeuza duka ameketi, ini huigeuza trigliseridi.

Miezi mitatu ilipita. Nilimsindikiza tena maabara. Dada yuleyule alikiinua kichupa kwenye dirisha lilelile. Maji ya juu hayakuwa safi ya kusoma gazeti, ila ukungu ulikuwa umetoka, yamebaki manjano yaliyopauka. Mjomba aliyatazama muda mrefu bila kusema, kisha akaniuliza kama wale wazee wa kupika sumu ya msunguti walijua inakwenda kufanya nini ndani ya mnyama. Nikamwambia walijua inakwenda moyoni. Akaitikia kwa kichwa.

Sukari ameishusha, kijiko kimoja. Mchicha unakaangwa. Lakini embe mbichi bado anazila kwa chumvi na pilipili, nyuma ya duka, saa kumi alasiri, akidhani mkazamjomba hajui.